Jiko la Umeme la Kuchomea: Linafaa Nyumba Ipi?

Kila Ramadhani inapokaribia, maswali yanayoufikia ukurasa huu hubadilika. Ya malezi na ya shule hupungua kidogo, ya jikoni huzidi. Safari hii kinachoulizwa zaidi ni jiko la umeme la kuchomea: lile dogo linaloketi juu ya meza ya jikoni, likachomekwa ukutani kama pasi, na ambalo wauzaji wa Kariakoo hulisifu kwamba linachoma nyama bila mkaa, bila moshi na bila mafuta. Waulizaji wengi ni akina mama. Wachache ni akina baba wanaotaka kujua kama wanachoombwa ni haja au ni kufuata majirani.

Swali si dogo kama linavyoonekana. Kwa nyumba nyingi tunazozijua, bei ya jiko hili ni zamu nzima ya upatu, au ni ada ya madrasa ya watoto wawili kwa miezi kadhaa. Fedha ikishatoka hairudi, na makabati ya jikoni mwetu tayari yamejaa vyombo vilivyonunuliwa kwa shauku vikatumika mara tatu. Kwa upande wa pili yuko mama aliyefunga, anayekaa mbele ya jiko la mkaa tangu baada ya Alasiri hadi adhana ya Magharibi, macho yakimtoka machozi, akipepea, akigeuza mishkaki, akipepea tena. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020 peke yake, na wanaokaa karibu zaidi na moshi huo ni wanawake na watoto waliobebwa mgongoni. Anayesema kuwa mama huyo anaomba anasa hajawahi kushika kipepeo mahali pake.

Serikali nayo, katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, imelenga kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Umeme jikoni, basi, umekuja kukaa. Linalobaki ni kujua chombo kipi cha umeme kinastahiki fedha yetu, na katika nyumba ipi.

Jiko la kuchomea lilipata umaarufu wake mkubwa nchini Marekani mwaka 1994, lilipoanza kuuzwa kwa jina la bondia George Foreman. Wasomaji wa umri wa makamo watamkumbuka kwa jambo jingine: ndiye aliyeangushwa na Muhammad Ali katika raundi ya 8, mjini Kinshasa, Oktoba 1974. Jiko lake lilikuwa na sahani mbili za chuma zilizoinama kidogo, ili mafuta ya nyama yatiririke na kuingia katika kitrei. Yameuzwa zaidi ya milioni 100, na mwaka 1999 kampuni iliyokuwa ikiyauza ilimlipa Foreman zaidi ya dola milioni 130 ili iendelee kutumia jina lake. Tunalitaja hilo kwa sababu moja: katika biashara hii jina lina bei yake, na anayelipa bei hiyo ni mnunuzi. Ndani ya jiko lenyewe mna waya wa moto, themostati na sahani ya chuma. Hapana siri nyingine.

Muuzaji huyaita yote kwa jina moja, ingawa kwa kweli ni majiko ya namna tatu. La kwanza ni la kubana, la ukoo wa Foreman. Sahani mbili zimeungwa kwa bawaba kama kitabu, nyama huwekwa katikati, kifuniko hushushwa, na pande zote mbili huiva kwa pamoja. Kwa kuku asiye na mfupa, kwa samaki aliyepasuliwa minofu, kwa kababu bapa na kwa mkate wenye nyama ndani, ni jiko jepesi mno: dakika 6 au 8 kazi imekwisha, wala hakuna wa kugeuza. Lakini mpe paja la kuku lenye mfupa, sahani ya juu italala juu ya mfupa peke yake na nyama ya pembeni itabaki mbichi. Mishkaki ya vipande vya duara hali kadhalika.

La pili ni la wazi, sahani moja pana yenye mifereji. Kwa kusema kweli, hili ni kikaango chenye waya wa umeme. Mwenye kikaango kizito cha chuma na jiko la gesi tayari analo, tena lake halina themostati ya kuharibika. Hatuoni sababu ya kulinunua, isipokuwa kwa anayepika chumbani pasipo gesi.

La tatu ndilo linalofanana zaidi na jiko la mkaa kwa sura. Wavu uko juu, waya wa moto umepita chini yake, na chini kabisa mna sinia la maji la kupokea mafuta yanayodondoka. Mishkaki hukaa vizuri juu yake na samaki mzima pia. Ila ni la polepole, maji yake hukauka na lazima yaongezwe, na upepo wa dirishani ukiligonga, moto wake hupungua. Mwenye haraka ya adhana asilitegemee kwa watu wengi.

Lolote utakalochagua, geuza kwanza jiko juu chini usome wati zake. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, kwa sababu majiko ya bei nafuu huwa na wati 700 au 1,000 huku sanduku likionesha picha ya nyama iliyochomeka vizuri. Nyama haipati rangi ya hudhurungi na ile harufu tunayoitafuta mpaka uso wake upite nyuzijoto 140 hivi za Selsiasi, na maji, kama tujuavyo, hayapiti 100. Maana yake ni kwamba umajimaji wote wa juu ya nyama lazima ukauke kwanza. Jiko dhaifu likiwekewa vipande sita vya baridi hupoa, nyama hutoa maji, na kuanzia hapo haichomwi tena bali hujichemsha kwa maji yake yenyewe, ikatoka ya kijivu na ngumu. Mpishi hulaumiwa bure. Kwa familia ya watu wanne tungeshauri lisiwe chini ya wati 1,500, na hata hilo lisijazwe pomoni.

Basi tuje kwenye LUKU, maana ndiko wasomaji wetu wanakoogopa, na wana haki. Wati 1,000 zikiwaka saa moja ndiyo yuniti moja. Jiko la wati 2,000 likiwaka saa nzima bila kukatika litakula yuniti 2. Themostati huzima na kuwasha, hivyo matumizi halisi huwa chini ya hapo, lakini heri kuhesabu kwa juu. Mteja wa TANESCO wa kundi la T1, ambalo ndilo la nyumba nyingi za mjini, katika viwango vilivyopangwa mwaka 2016 hulipa shilingi 292 kwa yuniti, na kodi na tozo zikiongezwa hufika kama 356. Dakika 45 kila siku ya Ramadhani ni yuniti 1.5, kwa siku 30 ni yuniti 45, ni shilingi 16,000 na ushei kwa mwezi mzima. Kila familia inajua bei ya kopo la mkaa mtaani kwake na makopo mangapi hutumika kwa futari moja. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam umeme hautaonekana ghali. Wasomaji wa Unguja na Pemba, wanaohudumiwa na ZECO, waweke bei yao katika hesabu hiyohiyo.

Mambo hugeuka kwa mteja wa kundi la D1, yule wa matumizi madogo. Yeye hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, kwa sharti kwamba asizidishe yuniti 75 kwa mwezi. Zile yuniti 45 za jiko la kuchomea zitamgharimu shilingi 5,500 hivi, naye atafurahi. Lakini friji ndogo nayo hula karibu yuniti moja kwa siku. Arobaini na tano na thelathini ni sabini na tano, na bado hatujawasha taa, feni, pasi wala televisheni. Kila yuniti inayozidi hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi, na anayezidisha kwa kuendelea huhamishiwa T1, ambako hata taa ya barazani italipiwa karibu mara tatu ya ilivyokuwa. Jiko halitakuwa limemletea gharama ya mwezi mmoja wa Ramadhani, bali litakuwa limempandishia bei ya umeme wa nyumba nzima. Tunamjua bibi mmoja wa Ngamiani, Tanga, anayelea wajukuu watatu kwa yuniti 60 hivi kwa mwezi. Mwanawe aliyeko Muscat alipotaka kumletea jiko hili, alikataa akamwambia alete fedha ya kujazia mtungi wa gesi. Huyo alikwisha fanya hesabu kabla yetu.

Umeme una hatari zake pia. Plagi ya pini tatu tunayoitumia inastahimili ampea 13, yaani wati 2,990 kwa volti 230, kwa hiyo jiko la wati 2,000 katika soketi nzima ya ukutani halina neno. Hatari ni ule waya wa ekstensheni mwembamba uliokwisha beba friji na birika, na sasa unaongezewa jiko. Waya huota moto ndani ya mpira wake bila kuonekana, mara nyingi nyuma ya kabati, na nyumba za zamani za Kariakoo, Ilala na Ng'ambo zina nyaya zilizotandikwa kabla ya majiko haya kuwapo. Jiko la kuchomea lichomekwe ukutani peke yake. Likimaliza kazi lichomolewe, lisizimwe tu.

Kuna na suala la volti, linalowahusu hasa wenye ndugu ng'ambo. Zawadi kutoka Uingereza, Oman au Dubai kwa kawaida hufanya kazi hapa bila tatizo. Ya kutoka Marekani imetengenezwa kwa volti 120, nayo ikichomekwa katika 230 huungua siku ya kwanza, pengine pamoja na mkono wa aliyeiwasha. Mahujaji nao wasome kibandiko kabla ya kulipa: Saudia ilitumia kwa miaka mingi volti 127 sambamba na 220, na vyombo vya namna zote mbili vimeuzwa katika masoko yake.

Tuseme sasa juu ya ladha, maana hapo ndipo wenye mkaa wanapotucheka. Wana hoja. Harufu ya mishkaki ya Forodhani haitokani na joto peke yake. Tone la mafuta huanguka juu ya kaa la moto, huungua, na moshi wake hurudi juu kuikumbatia nyama. Katika jiko la umeme tone hilo huanguka ndani ya kitrei au ndani ya maji, na moshi haupo. Jambo hilohilo lina upande wake wa afya, kwa kuwa moshi wa mafuta yaliyoungua hubandika juu ya nyama kemikali ambazo wataalamu wanazihusisha na saratani, na umeme hupunguza sehemu hiyo. Haupunguzi yote. Nyama iliyochomwa mpaka ikawa nyeusi ina madhara yake hata ikichomwa kwa umeme, na soseji inabaki kuwa soseji. Madai ya muuzaji kwamba jiko hili ni dawa ya unene tunayaacha dukani kwake.

Kuhusu sahani nyeusi zisizoshika chakula, tabaka lake huanza kuharibika likipita nyuzijoto 260 na kutoa mvuke mbaya, ambao kwa ndege wa kufugwa ndani ya tundu huweza kuwa mauti. Jiko lenye themostati nzima halifiki huko. Lakini lisiachwe tupu likiwaka, lisikwanguliwe kwa kisu wala kwa steeli wulu, na kijiko kiwe cha mti. Likianza kubabuka, maisha yake yamekwisha.

Jambo ambalo halikuulizwa na wengi, nasi tunaona ndilo lililopaswa kuulizwa kwanza, ni lile la majiko ya mtumba. Masoko yetu yanapokea vyombo vya umeme vilivyokwisha tumika Ulaya, na bei yake huvutia kweli. Jiko la kuchomea lililotoka katika nyumba ya Ulaya, uwezekano wake wa kuchomewa nyama ya nguruwe ni mkubwa, na mara nyingi mafuta ya zamani bado yameganda katika mifereji yake. Je, Muislamu anaweza kulinunua na kulitumia?

Mashekhe wetu hutukumbusha kanuni mbili. Kwanza, asili ya kitu ni utohara, na yakini haiondolewi na shaka. Kwa hiyo kutokujua tu historia ya chombo hakukifanyi kuwa najisi. Pili, Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya vyombo vya Ahlul-Kitabu wanaopika nguruwe ndani yake, naye akaelekezwa kwamba wakipata vingine wavitumie hivyo vingine, na wasipopata waoshe hivyo kwa maji ndipo wale. Basi mlango haukufungwa, lakini chombo kingine kilitangulizwa. Ama namna ya kuosha, madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, yameweka najisi ya nguruwe pamoja na ya mbwa: mara saba, moja kwa udongo uliochanganywa na maji. Wanazuoni wengine wengi wanaona kwamba kuosha kunakoondoa najisi kunatosha, na Imamu Nawawi mwenyewe, pamoja na nafasi yake katika madhehebu ya Shafii, ameandika kuwa kwa upande wa dalili kauli hiyo ina nguvu. Mwenye jambo hili mkononi amuulize shekhe wa msikiti wake.

Sisi tunaongeza neno la jikoni tu. Majiko mengi ya bei nafuu yana sahani zilizofungwa moja kwa moja juu ya waya wa umeme. Haziwezi kutolewa na haziruhusiwi kuzamishwa majini, kwa hiyo hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, na kufuta si kuosha. Kwa jiko la namna hiyo lililotumiwa na asiyejulikana, kuosha mara moja ni tabu, sembuse mara saba. Aliyelazimika kununua mtumba achague lenye sahani za kutoa, azioshe chini ya bomba, na udongo wake uwe laini uliochekechwa, apake bila kusugua ili lile tabaka lisichunike. Na kwa sababu hiyohiyo, hata katika jiko jipya, sahani za kutoa ni sifa tunayoiweka mbele ya rangi, taa na saa za kidijitali. Nyama ya jana iliyoganda mferejini huoza, na panya wa Dar es Salaam hawahitaji mwaliko.

Neno la malipo nalo lisipitwe. Duka likiuza kwa awamu, kwa bei iliyotajwa na kufungwa siku ya mkataba, hata kama ni kubwa kuliko ya taslimu, wanazuoni walio wengi wameruhusu. Lakini ikiandikwa kwamba awamu ikichelewa deni linaongezeka, hiyo ni riba, na mikopo ya kwenye simu yenye nyongeza ya kila siku iko mlango huohuo. Hapana kuku wa kuchoma anayestahiki kuingia humo. Ukosefu wa jiko la umeme si dharura.

Kisha kuna hesabu ya vinywa, ambayo wauzaji hawaitaji kamwe. Jiko la kubana la kawaida huchukua vipande vinne kwa mkupuo. Nyumba ya watu wanne itafuturu kwa pamoja. Nyumba ya watu tisa, na wageni wawili waliokuja na mzee kutoka msikitini, itahitaji mikupuo mitatu au minne, na wa kwanza watakuwa wamemaliza Taraweh wakati wa mwisho anapokula. Tena nyama ya kuchoma hupungua, na haina mchuzi wa kuongeza. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) azidishe maji katika mchuzi wake awaangalie majirani zake, sufuria inakubali wasia huo kwa wepesi, sahani ya kuchomea haiukubali. Nabii Ibrahim (a.s.) aliwaletea wageni ndama wa kuchoma, kama tusomavyo katika Sura Hud, lakini alikuwa na ndama mzima.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Familia ndogo inayoishi ghorofani, Upanga au Kariakoo, ambako mkaa barazani ni hatari na moshi wake humwingilia jirani wa juu, na iliyo katika T1, inunue bila wasiwasi: la kubana, wati 1,500 au zaidi, sahani za kutoa, alama ya Shirika la Viwango, risiti na dhamana. Wazee wanaoishi wawili peke yao, ambao kuwasha mkaa kwao ni kuinama na kukohoa, watapata faraja kubwa. Na mtoto anayetafuta cha kuwapelekea wazazi hatakosea. Mwenye kundi la D1 asinunue. Mwenye oveni yenye moto wa juu asinunue, maana anacho chombo hicho tayari na hajakitumia.

Na mwenye fedha ya chombo kimoja tu cha umeme asianze na hiki. Aanze na sufuria ya umeme ya presha. Kinachomaliza mkaa wa nyumba zetu ni maharage, makongoro na nyama ya ng'ombe mzee inayotokota saa tatu, kuliko kuku wa Ijumaa, na sufuria hiyo huchemsha maharage ya familia kwa chini ya yuniti moja, ikiwa imefungwa, bila mtu kusimama mbele yake. Mama anayeiweka baada ya Adhuhuri anapata nafasi ya kusoma juzuu yake. Mkaa ubaki kwa siku ya Idi, nyama ya udhuhia ikiwa tele na vijana wakiwepo uani wa kupepea.

Kwa waliokwisha nunua, au waliopewa zawadi, huyu hapa kuku wa kupaka wa jiko la kubana, kwa watu wanne. Chukua mapaja manane yaliyotolewa mifupa, yapige kidogo yawe bapa. Paka tangawizi na thomu vilivyotwangwa, chumvi, bizari, pilipili mbichi na maji ya ndimu moja. Yakae saa mbili. Anayependa kulainisha kwa papai bichi atie kijiko kimoja tu na asizidishe nusu saa, la sivyo nyama itakuwa uji. Washa jiko tupu dakika tano mpaka taa yake ioneshe kwamba limepata moto. Kausha kila kipande kwa kitambaa safi kabla ya kukiweka. Hatua hii ndiyo inayotenganisha kuchoma na kuchemsha. Panga vipande vinne, funga, acha dakika 6 hadi 8, kisha pasua kile kinene kuliko vyote: majimaji yake yawe meupe, yasiwe na wekundu. Mwenye kipimajoto aone 74 katikati ya nyama.

Wakati huo tui zito la nazi mbili liwe mekoni kwa moto mdogo pamoja na pilipili, bizari na chumvi, likikorogwa daima upande mmoja lisikatike, mpaka liwe zito la kushika mwiko. Tia ndimu mwisho. Tumbukiza kuku, mgeuze apakike pande zote.

Mwenye kutamani moshi wa mkaa atafute kaa moja tu la moto, aliweke katika kibakuli cha chuma katikati ya sufuria ya kuku, alidondoshee kijiko cha samli, afunike mara moja na kusubiri dakika tano, dirisha likiwa wazi. Kaa lizimwe kwa maji nje. Mkupuo wa kwanza wa kuku usubiri ndani ya sufuria yenye mfuniko wa pili ukichomwa, na jiko lichomolewe kabla hamjakaa mkekani.